Mama Hakuandikwa Jina

Jana nililala nikiwa na swali la mama kichwani, na usingizi uliponichukua tu nikaota tranka langu la shule likipiga hodi.

Nianze na hilo swali. Mdogo wangu Ikupa amemaliza darasa la tatu, na amepata nafasi katika shule ya bweni ileile niliyosoma mimi, iliyo upande wa pili wa mlima. Baba ni dereva wa lori na simu yake hukatika katikati ya kila jambo la maana. Alichowahi kusema ni, "Kaeni wenyewe mkubaliane," kisha mtandao ukapotea. Basi tulipokwisha kula, mama alifuta mikono kwa kanga akaniangalia.

"Sekela, mimi ile shule naijua getini tu. Wewe ndiye uliyekaa ndani. Niambie, mdogo wako aende au asiende?"

Nikasema nitamjibu asubuhi. Ndivyo nilivyo. Hata nikiulizwa kama nataka chai huomba muda wa kufikiri.

Ikupa alikuwa mlangoni, amevaa sweta jipya la shule, mikono ya sweta imemfunika mpaka vidole. Alikuwa akisikiliza huku akijifanya anamtafuta paka. Hatuna paka. Na mezani palikuwa na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ambacho mama alikinunua ili aandike jina la Ikupa kwenye vyombo vyake, kama alivyoniandikia mimi zamani. Kila mtoto aliyekaa bweni anaijua sheria hiyo. Kila kitu cha mwanafunzi kiandikwe jina: sahani, kijiko, ndoo, ndala, godoro. Kisichoandikwa jina hakina mwenyewe.

Nikaenda kulala.

"Hodi," linasema tranka.

"Karibu," nasema.

Linaingia likichechemea. Ni lilelile la bati, la rangi ya bluu, limebonyea upande mmoja tangu siku ya kwanza. Bawaba zake zinalia kila linapopiga hatua.

"Shikamoo," naliambia, maana linajiona mtu mzima.

"Marahaba. Vaa viatu. Mdahalo umeanza bila wewe."

"Mdahalo gani?"

"Ni huohuo wa kila mwaka. Faida na hasara za shule za bweni kwa mwanafunzi. Wewe ndiye msemaji mkuu."

"Wa upande gani?"

"Hilo hawakuniambia," linasema tranka. "Ingia, usinipigishe maneno na hizi bawaba."

Nafungua kifuniko, naingia. Ndani kuna ngazi. Nashuka, na ninapofika chini niko uwanjani mbele ya bweni, jua la asubuhi linawaka, nyasi zimefyekwa, na hewa inanukia nyasi mbichi na maharage yaliyoanza kushika chini ya sufuria. Nimevaa sare yangu ya darasa la nne. Inanitosha. Hilo halinishangazi hata kidogo.

Watoto wamejaa uwanjani. Kwenye nguzo imening'inia kengele ya shule, ile rimu ya gari iliyochakaa, nayo inajisafisha koo.

"Hamjambo, watoto?"

"Hatujambo! Shikamoo, kengele!"

"Marahaba. Nakumbusha sheria. Ukisikia kengele, acha kila kitu. Tujaribu."

Inajigonga. Watoto wote wanaacha kila kitu. Wanaacha mifagio, wanaacha vikombe, uji unamwagika. Msichana mmoja aliyekuwa akicheka anakiacha kicheko chake hewani, na kinabaki palepale kikicheka peke yake, mpaka mwenzake anakifagia pamoja na majani. Mwalimu wa zamu anaacha neno katikati. "Nidha," anasema, na nusu ya pili haiji tena.

Na mimi naacha kitu. Nasikia kabisa kikinidondoka. Nainama kukitafuta, naona nyasi tu.

"Nimeangusha nini?" naliuliza tranka.

"Mimi nitajuaje? Mimi hubeba nilichopewa."

Mwenyekiti wa mdahalo ni Matroni, na Matroni ni kufuli. Ni kufuli kubwa la shaba, amejifunga kilemba cha kitenge, na shingoni amevaa funguo zake mwenyewe. Anatukagua sote kwa tundu lake moja.

"Kaeni chini. Upande wa faida uanze."

Inasimama taa ya bweni. Ni globu moja, inaning'inia kwenye waya wake, na waya haujafungwa popote.

"Mimi sina maneno mengi," inasema taa. "Huyu Sekela kwao walikuwa na koroboi. Koroboi yenyewe ilikuwa na mafuta siku yenye bahati. Akaja kwangu, nikamwangazia. Amesoma chini yangu mpaka amekuwa mwalimu. Naomba kukaa."

Watoto wanapiga makofi. Mimi pia napiga, tena kwa nguvu, kwa sababu ni kweli tupu. Naipenda ile taa. Nilikuwa nikiitazama mpaka inabaki machoni nikifumba, duara la kijani.

Anayefuata ni foleni ya maji. Ni ndefu, ina miguu mingi mmoja nyuma ya mwingine, na imeshika ndoo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Mimi nilimfundisha kusubiri," inasema foleni kwa kichwa chake.

"Hiyo ni faida au ni hasara?" anauliza Matroni.

Kichwa cha foleni kinageuka nyuma na kuuliza. Swali linapita kwa minong'ono mpaka mkiani, kisha jibu linaanza safari ya kurudi. Tunasubiri. Uji umeshaganda.

"Huku mbele tunasema faida," inasema foleni mwishowe. "Kule nyuma wanasema hasara, na wanauliza maji yamebaki?"

"Kaa chini."

Foleni haiwezi kukaa chini. Inasogea kidogo.

Kinasimama kitanda cha deka. Kitanda cha chini kinazungumza, cha juu kinaitikia, "Ndiyo, ndiyo." Kinaeleza habari za Tumpe, rafiki yangu aliyelala juu, ambaye kila nilipolia alikuwa akiteremsha mkono wake ukutani bila kusema neno, nami naushika mpaka napitiwa na usingizi. "Na hadi leo," kinasema kitanda, "Tumpe akijifungua, wa kwanza kupigiwa simu ni huyu."

"Ndiyo, ndiyo," kinaitikia cha juu.

"Upande wa hasara," anasema Matroni.

Unaletwa mto wangu. Hauwezi kutembea, umebebwa na watoto wawili, umelegea.

"Mimi sina la kusema," unasema mto. "Nikamueni tu."

Wanaukamua. Maji yanatoka. Yanajaza ndoo, yanajaza ndoo ya pili, na mkia wa foleni unaanza kufurahi. Watoto wanaendelea kukamua kwa utaratibu mzuri, bila kusukumana. Naangalia viatu vyangu. Nilidhani nililia kidogo tu, mwanzoni.

"Inatosha," anasema Matroni. "Msemaji mkuu asimame, atuambie yuko upande gani."

Nasimama. Nafungua kinywa. Kichwani nina taa upande mmoja na mto upande mwingine, na katikati yuko mama, anafuta mikono kwa kanga, anasubiri jibu langu.

"Mimi," nasema.

"Kabla hajaendelea," anadakia Matroni, "ukaguzi. Leo ni siku ya wazazi."

Uwanja unakuwa bweni. Hakuna aliyeuhamisha, ila sasa tumesimama kila mmoja mbele ya kitanda chake, na vitu vyetu tumevipanga sakafuni. Wazazi nao wamepangwa humohumo, kati ya ndoo na ndala. Mama yangu yuko pale, amevaa gauni lake la kanisani na sendozi zake nyeusi, ameshika kifurushi cha ndizi za kuchoma zilizofungwa kwa jani la mgomba. Ananitazama anatabasamu. Hathubutu kunipungia mkono, kwa sababu hajui kama inaruhusiwa.

Matroni anapita, funguo zinagongana.

"Ndoo?"

"Imeandikwa, Matroni."

"Sahani?"

"Imeandikwa."

"Ndala?"

"Zote mbili."

"Mama?"

Nageuka. Mama wa jirani yangu ameandikwa jina mkononi, kwa herufi za kupendeza. Mwingine ameandikwa sikioni. Mwingine, mnene mwenye cheko, amefungua kinywa na jina la mwanawe limeandikwa kwenye jino. Matroni anamgeuza mama yangu taratibu, anatazama nyuma ya masikio, viganjani, chini ya kilemba. Anamwinua mguu kama wa farasi.

"Huyu hana jina."

"Ni mama yangu," nasema. Sauti inatoka ndogo.

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika."

Matroni anazishika funguo zake. Nadhani tundu lake limelowa, lakini huenda ni mafuta tu.

"Sheria sikuitunga mimi," anasema. "Kisichoandikwa jina hakina mwenyewe. Stoo."

Mama hakatai. Anakiokota kifurushi chake, anasema, "Haya, asante," vilevile anavyosema kwenye ofisi yoyote anapoambiwa aje kesho, na anaondoka akifuata ukuta ili asimkanyagie mtu vitu vyake.

Hilo ndilo lililoniuma zaidi katika ndoto yote. Ile "asante."

Nakimbia. Tranka linanifuata likilalamikia bawaba. Korido ni ndefu kuliko shule yenyewe, na mwisho wake ni dirisha la jikoni, na dirisha la jikoni ndilo la stoo. Ndani amesimama Bi Upawa, yule upawa mkubwa wa maharage, amevaa aproni.

"Unataka nini?"

"Mama."

"Wa namna gani? Ninao wengi."

Nachungulia. Kuna rundo la masweta, kuna ndala za mguu mmoja mmoja, vijiko, beseni lisilo na kitako. Na kwenye mabenchi wamekaa akina mama, kimya, kila mmoja na kifurushi mapajani. Wangu sijamwona bado. Nyuma yangu foleni imeshajipanga: yuko mwalimu wa hesabu, kiko kiti kilichovunjika mguu, na ndoo moja ya kijani. Wote wanataka mama.

"Taja alama zake," anasema Bi Upawa. "Fanya hima. Kengele ikilia tunawagawia wenye shida."

"Mimi nina shida," kinasema kiti.

"Subiri zamu yako. Haya, binti. Alama."

"Ana kovu mguuni," nasema haraka.

"Wengi wana makovu. La nini?"

Nafikiri. Naliona kovu lenyewe, refu, chini ya goti. Naliona tangu niko mdogo. Au si tangu niko mdogo. Kuna likizo moja nilirudi nikalikuta.

"Sijui."

"Akimenya ndizi anaimba wimbo gani?"

"Wa kanisani?"

"Wa kanisani upi, na anakosea wapi?"

"Sijui."

"Anaogopa nini?"

"Nyoka."

"Umebahatisha. Kila mtu anaogopa nyoka, hata mimi, na sina miguu. Analala upande gani wa kitanda?"

Natafuta kichwani, na kila ninachokishika ni kingine. "Mvuke ukipoa hugeuka maji," nasema. "Dunia hulizunguka jua. Ziwa likikosa mto wa kutoa maji, chumvi hubaki."

"Safi sana," anasema Bi Upawa, na anasema kwa moyo. "Majibu yote sahihi. Ila hukuulizwa."

"Mwenzangu anajitahidi," inasema ndoo ya kijani nyuma yangu.

"Ulikuwa wapi wewe, hata hujui mama yako analala upande gani?" ananiuliza Bi Upawa.

"Nilikuwa hapa," nasema.

"Ni kweli," anasema Bi Upawa polepole. "Mimi ndiye niliyekuwa nakupakulia."

Kisha nasikia mtu ananiita, "Dada!"

Ni Ikupa, nje ya uzio wa seng'enge. Ana tope mpaka magotini, ana kidumu cha maji kichwani, daftari ameliweka kwapani na limelowa. Amechelewa shule yake ya kutwa na hana haraka. Juu ya tope hilo lote amevaa sweta jipya.

"Dada, kovu ni la jembe. Mvua iliingia ndani, akatoka kuchimba mtaro, jembe likateleza. Wewe ulikuwa shule. Alituambia tusikuambie, ulikuwa na mtihani."

Bi Upawa anainua kichwa.

"Na wimbo?" anauliza.

"Ule wa kukusanya mavuno. Ubeti wa pili ameusahau, anaweka majina yetu. Anaanza na la Dada."

"Anaogopa nini?"

"Simu ikiita akiwa mbali nayo. Anatupa kila kitu anakimbia. Anadhani ni shule wanapiga, Dada anaumwa. Dada amemaliza shule siku nyingi na bado anakimbia."

"Analala upande gani?"

"Wa ukutani. Anaacha nafasi huku. Nalala mimi." Ikupa anahamisha kidumu. "Zamani ilikuwa ya Dada."

Mwalimu wa hesabu anapenga kamasi.

"Huyu ndiye mwenye mama," anasema Bi Upawa. "Aingie amchukue."

Nataka kushangilia. Lakini ili aingie lazima apite getini, na geti, ambalo siku zote lilikuwa kimya, leo linafungua mdomo wake wa nondo.

"Karibu, mwanafunzi mpya. Mambo ya nyumbani yabaki nyumbani."

Walikuwa wakituambia hivyo kila muhula, nami nilidhani ni maneno tu.

Ikupa anatua kidumu. Ananyoosha sweta. Anavuta hatua moja, na kitu kinamdondoka, chepesi, kama ganda la ndizi. Ni wimbo. Unalala kwenye changarawe ukiimba majina yetu kwa sauti ya chini. Anavuta hatua nyingine na inaanguka salamu ya asubuhi ya kwetu, "Ugonile," inabiringika mpaka kwenye mtaro. Yeye haoni. Macho yake yako juu, kwa ile taa iliyomfuata mpaka getini kumpokea.

"Dada, hii taa yote ni yangu?"

"Ikupa, subiri."

"Nitasoma mpaka lini? Mpaka nichoke?"

"Mpaka uchoke," inasema taa kwa upole.

"Ikupa, kovu la mama ni la nini?"

Ananigeukia. Mguu mmoja uko ndani, mmoja uko nje.

"Kovu gani?" anasema.

Nakimbilia changarawe. Naokota wimbo, naokota salamu, najaribu kumrudishia mfukoni, kwapani, masikioni. Vinayeyuka mikononi mwangu kama mvua ya mawe. Kidole kimoja kimelowa neno, sijui lilikuwa neno gani.

"Naye hajui tena," anasema Bi Upawa kwa huzuni. "Basi hakuna anayejua. Nasikitika, binti."

Namshika Ikupa sweta, namvuta nje.

"Dada unanivuta! Taa!"

"Na mimi ni kweli," inasema taa. "Sekela, usije ukasema mimi si kweli."

"Sijasema hivyo," naiambia. Nalia sasa. "Sitasema hivyo kamwe."

"Msemaji mkuu," anaita Matroni kutoka mbali, "upande gani?"

Natia mkono mfukoni nitafute kitambaa, nakuta kichupa cha rangi ya kucha.

Sijui kwa nini sikufikiri tangu mwanzo. Napanda dirishani, naomba radhi kwa Bi Upawa, narukia ndani ya stoo juu ya masweta. Mama amekaa benchi la mwisho, pembeni, kama anavyokaa kanisani ili asimzibie mtu. Ananiona.

"Mwanangu, umekula?"

"Bado, mama. Nyoosha mguu."

Ananyoosha. Hauulizi ulimwengu maswali mengi, mama yangu. Navua sendozi ya mguu wa kulia, napiga magoti. Kisigino chake ni kikavu, kimepasuka mistari mistari kama udongo wa kiangazi, na sikumbuki kama nimewahi kukitazama karibu namna hii. Nachovya brashi. Naandika S. Anavuta mguu na kucheka.

"Unanitekenya!"

Hili sikulijua. Mama yangu anatekenyeka. Nalishika kichwani kwa nguvu zote: mama anatekenyeka kisigino.

"Tulia, mama." Naandika E. Rangi inaingia kwenye nyufa, inabidi niende taratibu.

"Unaandika nini?"

"Jina."

"La nani?"

"Langu."

Mama anafikiri. Ananiwekea mkono kichwani, mkono unaonukia moshi na maganda ya ndizi.

"Mimi nilidhani lipo siku zote," anasema.

Naanza K. Nashusha mstari wa kwanza, ule ulionyooka, na kengele inalia.

Ukisikia kengele, acha kila kitu. Sitaki. Nakaza vidole, navikaza mpaka vinauma, lakini sheria ni sheria, brashi inateleza, inavuta mstari mwekundu pembeni, inaanguka.

Nikaamka.

Kengele ilikuwa mama, anagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria jikoni. Kulikuwa kumeshakucha. Nilikaa kitandani kwa muda nikivitazama vidole vyangu, vimekakamaa, kisha nikajifunga kanga nikaenda.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, anamenya ndizi.

"Umeamkaje?"

"Salama. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chai iko pale. Umeamka na jibu?"

Safari hii sikuomba muda. "Asiende sasa," nikasema. "Amalize la saba hapa. Aende akianza kidato cha kwanza. Nikiwa likizo nitamfundisha mwenyewe, na taa ya sola nitaleta."

Kisu cha mama kilisimama katikati ya ndizi. "Wewe ulienda ukiwa kama yeye."

"Ndiyo."

"Na ilikusaidia."

"Ilinisaidia sana, mama."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka, na ndipo nikajua kwamba hata yeye alikuwa amelala na swali lilelile.

Ikupa alikuwa mlangoni. Safari hii hakujifanya anamtafuta paka. Sweta alikuwa amelivaa tayari, na vifungo vyote amevifunga.

"Kwa hiyo siendi?"

"Utaenda, mdogo wangu. Si sasa."

"Huko mbele sweta halitanitosha."

"Tutapata jingine."

"Wewe ulienda," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Wewe ulienda, mimi mnaninyima."

Alikuwa na haki. Kuna taa inayowaka upande wa pili wa mlima, nami ndiye niliyemvuta mbali nayo, na huenda siku moja ataniuliza tena akiwa mtu mzima. Nilimvuta kwangu akagoma, nikamwacha alie. Nilikaa sakafuni karibu na kigoda.

"Mama, hilo kovu la mguuni ulilipataje?"

"Leo umeamka vibaya?" Alicheka kidogo, akanyoosha miguu yote miwili ili ageuke anitazame. "Kaa vizuri nikusimulie. Mwaka ule mvua iliingia ndani..."

Lakini nilikuwa nimeshaacha kusikiliza, kwa sababu nilikuwa nikitazama kisigino chake cha kulia. Kulikuwa na S. Kulikuwa na E. Kulikuwa na mstari mmoja ulionyooka, mwekundu, na mwisho wake umevutika pembeni, kama wa mtu aliyedondosha brashi. Rangi ilikuwa imeingia kwenye nyufa.

Niligeuka kutazama meza. Kichupa kilikuwa palepale, kimefungwa kwa plastiki ya dukani, hakijafunguliwa.

Nilisimama, nikakichukua, nikaichana ile plastiki kwa meno.

"Unataka kufanya nini na hiyo? Si tumesema haendi?"

"Usivute mguu, mama."

Nikamalizia K. Nikaandika E, nikaandika L. Mama alikuwa akicheka anajipigapiga paja, "Sekela, una wazimu, unanitekenya!" Ikupa aliacha kulia akasogea kuangalia. Nilipokwisha kuandika A nilichovya brashi tena, nikampa yeye.

Kisigino cha kushoto kilikuwa kitupu.

Ikupa alifuta kamasi kwa mkono wa sweta jipya, akapiga magoti, akaushika mguu wa mama kwa mikono yote miwili.

"Niandike kwa herufi ndogo au kubwa?"

"Kubwa," nikasema.